Aliyeitwa Bila Jina

Ilianza Jumanne, saa tisa na dakika kumi na nne alasiri, kwa jibu la maneno mawili: "Nimeitika. Nakuja." Mahali pa anwani ya mtumaji palikuwa patupu.

Mwandishi alilisoma mara tatu. Kazi yake ilikuwa kuandika vichwa vya barua pepe za duka la mapazia, ule mstari mmoja unaomfanya mteja afungue barua au aifute. Aliutaka mfupi, herufi arobaini zisizidi, na uanze kwa jina la mteja, kwa sababu mtu akisikia jina lake hugeuka. Kila kichwa alikijaribu kwanza kwa mama yake, ambaye ujumbe wa simu hakuujali, lakini barua za duka alizisoma zote kwenye kompyuta ya chumbani kwake.

"Dada, umemtongoza nani tena?" mchoraji wa matangazo alichungulia begani kwake.

"Acha utani. Hebu nione nilichotuma."

Kichwa cha siku hiyo kilisema: "Rudi nyumbani, tunakusubiri." Mbele yake mtambo uliweka jina la kila mteja. Kwa wasio na jina kwenye orodha, siku zote aliandika "Mpendwa mteja". Leo, kwa haraka, nafasi hiyo aliiacha wazi. Barua moja ilikuwa imekwenda hivyo: koma, halafu wito.

"Sasa hapo umemwita nani?" mchoraji aliuliza, safari hii bila kucheka.

"Sijui. Yeyote asiye na jina."

Harufu ya nywele zilizoungua ikapita kati ya meza zao, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma yao ndiyo kwanza anaondoka.

Saa kumi na moja mama yake akapiga simu.

"Unarudi nyumbani unanipita kama gunia, hata salamu?"

"Mama, mimi niko kazini."

Upande wa pili maji yalikuwa yakimwagika.

"Basi bafuni kuna nani?" mama alinong'ona. "Ana sauti yako. Nimemwita jina lako kamili, akaitika. Nikamwita lile la utotoni, akanyamaza."

Jina kamili lilikuwa chini ya kila barua aliyotuma. Lile la utotoni halikuwahi kuandikwa popote. Walilijua wawili tu.

"Jifungie chumbani, mama. Usimfungulie mtu mpaka uite jina hilo na mimi niitike."

Aliacha mkoba, akakimbia. Ufunguo uliingia kwenye kitasa lakini haukuzunguka, na alipogonga, sauti yake mwenyewe, ile ile anayoisikia kila siku kifuani mwake, ikauliza kutoka ndani, "Nani?", naye akafungua kinywa ajibu na hakikutoka kitu, si neno, si kikohozi, pumzi tu, huku harufu ya nywele zilizoungua ikipenya chini ya mlango na, mbali kule ndani, mama yake akiita lile jina la utotoni, mara moja, mara mbili, mara ya tano, akisubiri, akiita tena, na yeye yuko nje anapiga mlango kwa ngumi mbili na hawezi kuitika. Jirani alitoka, akamkazia macho kama mgeni.

"Unamtafuta nani? Binti wa hapa yuko ndani. Nimemwona akianika nguo."

Alikesha kwenye ngazi. Kulipokucha, sauti ilikuwa bado haijarudi, na mama alikuwa bado anaita, sasa kwa sauti iliyokauka. Kulikuwa na njia moja tu ya kumfikia.

Saa moja na dakika ishirini asubuhi aliketi mbele ya kompyuta ya ofisi. Kwa mara ya kwanza hakuhesabu herufi. Kwenye mstari wa kichwa aliandika "Mama, ni mimi", kisha lile jina la utotoni, herufi zote, akatuma.

Dakika mbili baadaye alama ikaonyesha barua imefunguliwa. Akalia kwa furaha bila sauti.

Jibu la kwanza halikuwa na anwani: "Asante. Hilo ndilo lililokuwa limebaki."

La pili lilitoka kwa mama yake.

"Nimekuita tena, mwanangu, na sasa umeitika. Nafungua mlango."