Kilima cha Nyuma ya Mtaa

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi chini ya mwamba, na Inspekta alikuwa amechoka hata kabla hajaifikia. Jumapili nyingine hiyo, imeliwa na kazi.

Marehemu alikuwa fundi saa. Kila Jumapili alipanda kilima hicho, akiwatania majirani kwamba wanaofuata mikasa nchi za mbali wanajisumbua bure, yake iko nyuma ya mtaa. Leo alikuwa amepanda na mdogo wake.

"Tulikuwa bado tunapanda," mdogo mtu alieleza. "Pumzi zikaniishia. Nikamwambia, kaka, tangulia, mimi narudi. Mara nikasikia kishindo."

"Hamkufika juu?"

"Hatukufika. Afande, utaniachia lini? Mama amepooza, na jirani alikubali kukaa naye mpaka mchana tu. Asipogeuzwa anatoka vidonda."

Inspekta alichuchumaa kwa shida, akazitazama buti za marehemu. Akaagiza zipigwe picha. Zamani, magoti yake yakiwa mazima, naye alikuwa mtu wa vilima.

Kituoni walikaa kwenye chumba chenye meza moja na feni mbovu.

"Kabla ya leo, ulishawahi kupanda kilima?"

"Nafasi nitaitoa wapi?"

"Basi ndiyo maana hujui. Mtu akipanda, hulegeza kamba za buti ili kifundo cha mguu kikunjike. Akifika juu anakaa, anazikaza upya, vidole visigonge mbele akishuka. Za kaka yako zimekazwa mpaka juu. Mlifika kileleni. Mbona unanidanganya?"

Mdogo mtu aliinamisha kichwa. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala vizuri miaka mingi.

"Anakaa mtaa wa pili tu, afande. Nimembembeleza mpaka mdomo umechoka, aje ashike zamu Jumapili moja, na mimi nilale. Kila mara ananiambia, 'Nimebanwa, mdogo wangu.' Leo nikamfuata huko huko nimwambie ana kwa ana. Tulipofika juu akafunga viatu vyake, akasimama, akanionyesha bati la nyumba yetu kule chini. Anatabasamu. Akaniambia, 'Usidhani namsahau mama. Kila nikifika hapa nampungia mkono.' Na akapunga, mimi namwona. Damu ikanichemka. Nikamsukuma."

Inspekta aliandika maelezo, akamsomea, akamwambia atie sahihi. Laiti angekuwa mtu mbaya, kazi ingekuwa nyepesi. Moyo ulimuuma, basi.

Alimchukua koplo wa kike wakaenda kwa mama. Jirani alikuwa ameshaondoka, na chumba kilinuka mkojo. Inspekta alivua koti, wakamgeuza bikizee pole pole, wakamtandikia shuka kavu.

Mama alifumbua macho. Yalikuwa na ukungu. Akaushika mkono wa Inspekta.

"Mwanangu mkubwa," alisema. "Nilijua utakuja."

Inspekta hakuwa na nguvu ya kukataa. "Nimekuja, mama."

"Mdogo wako amechoka sana. Leo mwache alale."