Mabaki ya Mlinzi

"Sindano, ndege inaruka saa tano. Safisha kompyuta ile, nipatie aliyeichezea."

Mkuu akakata simu.

Sindano aliichomeka Glock kiunoni, akapanda ngazi mbili mbili hadi ofisi ya mizigo ya uwanja wa ndege.

Saa nne na nusu asubuhi.

Mtu alikuwa ameing'oa programu ya ulinzi kwenye kompyuta inayoendesha mitambo ya kukagua mizigo. Aliing'oa nusunusu. Mafaili yaliyosalia wauza silaha wakayafanya mlango wa uani, na bunduki zao zikawa zinapita zikionekana vipuri vya matrekta.

Sindano alichomeka flashi. Akabofya kufuta.

*Faili linatumika.*

Kumbe adui alikuwa ndani wakati ule ule!

Akafungua kumbukumbu ya programu. Aliyeiondoa alitumia jina moja tu: Kitindamimba.

Watu wawili tu duniani walimwita mtu kwa jina hilo: mama mkwe wake, na Sindano mwenyewe, akimtania mumewe jikoni.

Alipiga simu.

"Mke wangu! Mbona unahema?" Mumewe, fundi wa kompyuta za uwanja, alikuwa chumba cha mitambo, ghorofa ya chini.

"Toa mkono kwenye hiyo kompyuta."



"Waliniambia wanapitisha dawa tu," mumewe akasema. "Nilipojua ni bunduki, maji yalishanifika shingoni."

"Ungeniambia mimi."

"Wewe? Ungenikamata."

Sindano akaishika redio yake.

"Nikimbie?" akauliza mumewe, sauti ikikatika.

"Kaa hapo hapo. Tafadhali, kaa."

Akabonyeza redio kuita kikosi cha askari. "Sindano kwa Ngao. Chumba cha mitambo. Mwanamume mmoja, hana silaha. Msimpige."

"Ngao hapa, nimepata."

Dakika mbili. Mlio wa mlango kuvunjwa ukasikika redioni. Sindano akabofya kufuta tena, na sasa kwenye skrini mafaili yakaanza kufutika, moja baada ya jingine. Akasimika ulinzi mpya, akawasha mitambo. Masanduku kumi na manane yakaonyesha bunduki, si vipuri. Rubani na wenye mzigo walikamatwa chini ya bawa la ndege.

Kwenye korido alipishana na mumewe, pingu mikononi. Hakuna aliyeinua macho.

"Sindano, kazi safi," Mkuu alisema redioni. "Njoo ofisini utoe ripoti."

"Itasubiri, Mkuu. Leo ilikuwa zamu ya mume wangu kuwachukua watoto shuleni."

Akavaa miwani ya jua, akalielekea gari, hatua zake zile zile, hana haraka.