Bia ya Mposaji

Ijumaa, tarehe 23 Disemba, saa kumi na mbili kasorobo ya jioni, Masha alirudi kutoka yadi ya makontena, akafungua kufuli ya chumba chake Magongo, akapiga magoti mbele ya ndoo kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa. Akafunua kifuniko. Kisha akatoa ukelele uliomfanya Swabra, muuza viungo wa ng'ambo ya njia, aache mteja na mizani hewani.

"Swabra! Nimeibiwa!"

"Umeibiwa nini? Huna kitu wewe."

"Bia!"

Swabra alivuka. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko la gesi na ndoo nyeupe ya lita ishirini. Mpira mwembamba ulitoka kifunikoni ukaingia kwenye chupa ya maji, ili hewa itoke na wadudu wasiingie. Kila kitu kilikuwa mahali pake, isipokuwa bia yenyewe.

Swabra alikuwa hanywi, hajawahi, wala hakuwa na mpango. Lakini kunusa si kunywa, na pua yake ilijulikana Magongo nzima. Akainama, akavuta pumzi.

"Karafuu. Mdalasini. Tangawizi. Ganda la chungwa." Akanusa tena. "Masha, mbona ndoo yako inanukia pilau?"

"Pilau?"

"Umetia uzile humu!"

"Si ni wewe uliniuzia? Ile video ilitaja koriyanda. Nikamuuliza jirani Philister, akaniambia ni ile ya pilau. Nikaja kwako nikakwambia, nipe ile ya pilau."

Swabra alishika kiuno. Bara huenda ile ya pilau ikawa kitu kingine, lakini Mombasa ukimwambia mtu nipe ile ya pilau, mkono unakwenda kwenye uzile wenyewe, bizari nyembamba, bila kuuliza. "Ulitakiwa uombe giligilani, ndiyo koriyanda, bwana wee. Dunia nzima hakuna bia ya uzile ila hii yako."

"Na sasa hata hiyo moja haipo," Masha akasema, akaketi sakafuni.

Swabra alijua kwa nini sauti yake imekatika. Masha alikuwa anamposa Mbeyu, binti wa mzee Mwarandu wa Mwakirunge. Kwao mposaji hupeleka kadzama, kibuyu cha tembo la mnazi, kwa baba wa msichana. Lakini mzee Mwarandu alikuwa mgema wa miaka arobaini. Mzee alimwambia Masha mbele ya kaka zake mwenyewe: "Tembo nagema mwenyewe. Wewe niletee kinywaji ulichokitengeneza kwa mikono yako. Krismasi ikifika huna kitu, Mbeyu nampa yule mwenye lori la kokoto."

Basi kijana ambaye hata chai humwagikia jikoni akaanza kujifunza kwa simu. Ndoo ya kwanza ilipasua kifuniko saa nane za mchana, majirani wakadhani ni gesi. Ya pili ikawa siki. Ya tatu alichemsha kimea cha mtama kwa saa nzima bila kubandua macho, akaosha kila kijiko kwa maji moto, akangoja uji upoe ndipo akatia hamira, na kila siku akaandika daftarini: rangi, harufu, mapovu mangapi kwa dakika. Swabra alikuwa akimtania kwamba hata mtoto mchanga hatunzwi hivyo. Kimoyomoyo alimvulia kofia.

"Inuka," akamwambia. "Ufunguo unauweka wapi?"

"Kwenye msumari, ndani ya dirisha. Ukipitisha mkono unaufikia."

"Nani anajua?"

"Ploti nzima."

"Hongera. Na nani ameshaingia humu?"

"Wewe. Philister. Ami Rashad, akija kwa kodi. Mbeyu. Babake mara moja, mwezi wa kumi na moja, alikuja kukagua anakolala anayemtaka mwanawe."

Swabra aliangalia ndani ya ndoo. Chini kabisa mashapo ya hamira yalikuwa yametulia, laini kama uji uliolala, bila mkwaruzo. Kisha akatoka mlangoni. Nje ya kizingiti palikuwa na unyevu, duara dogo la ukubwa wa kisahani, sisimizi wamejaa. Akachota mchanga kidogo, akanusa. Karafuu na pilau. Toka ndooni hadi pale, hakuna tone jingine hata moja.

"Twende kwa mwenye nyumba," akasema.

Ami Rashad alikuwa barazani, tasbihi mkononi. Wiki mbili nyuma alikuwa ameapa, ploti nzima ikisikia, kwamba akiiona ile pombe ataimwaga.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Mmekuja kunishitaki?"

"Tumekuja kuuliza tu. Leo mchana ulikuwa wapi?"

"Adhuhuri msikitini. Kutoka hapo hadi alasiri kwa kinyozi, muulize, amenichuna sikio hili." Akageuza kichwa kuonyesha. "Lakini wallahi, aliyeimwaga Mungu ampe kheri."

"Ingekuwa wewe, ami, ungeimwagia wapi?"

"Mtaroni! Hadharani! Ningewaita na watoto wa madrasa waje watazame!"

Swabra akatazama mtaro. Ulikuwa mkavu kau. "Si yeye," akamnong'oneza Masha walipoondoka. "Ami Rashad akitenda jema huwa hatungoji kumuuliza, anatutangazia. Na angeibinua ndoo, mashapo yangekwenda na bia."

Mlango wa tatu palikuwa na jerikeni ya njano, imelowa. Masha alikaza ngumi. Philister alitoka akifuta unga mikononi.

"Mbona mnaangalia jerikeni yangu hivyo?"

"Ina nini?" Masha akauliza kwa ukali.

"Maji ya chumvi ya kisima, ama unataka kuonja? Aki Masha, unanishuku mimi? Mimi nikitaka hiyo kitu yako si ningeomba tu?"

Swabra akafungua kifuniko, akanusa. Chumvi tupu. "Dada Philister, mashapo ya ile bia, mliahidiana nini?"

"Si alisema akimaliza atanipatia niumulie mandazi ya sikukuu? Ile hamira yake iko na nguvu." Akamtazama Masha. "Imeenda pia?"

"Ipo yote," Swabra akasema. "Ndiyo maana najua si wewe. Ungeanza na mashapo ukaacha bia. Lakini leo hukusikia mtu?"

Philister akafikiri. "Saa tisa na nusu hivi, nilikuwa nalaza mtoto. Nikasikia mwanaume amesimama kwa mlango ya Masha akiongea polepole, kama mtu anaomba. Haikuwa Kiswahili. Nikadhani ni Masha na simu ya nyumbani."

"Saa tisa na nusu mimi nilikuwa kazini," Masha akasema.

Swabra akageuka kutazama kizingiti cha Masha, palipojaa sisimizi. Kisha akasema: "Jumapili twende Mwakirunge."

"Mikono mitupu? Unataka nikachekwe?"

"Twende hivyo hivyo. Mimi nakusindikiza kama dada yako."

Krismasi, saa sita u nusu mchana, uwanja wa mzee Mwarandu ulikuwa umejaa. Wazee watano walikuwa wamekaa kwa duara, kila mmoja na mrija wake, na katikati kibuyu kikubwa. Mbeyu alikuwa anapanga sahani chini ya paa la makuti. Alipoona mikono ya Masha haina kitu, sahani moja ilimponyoka.

"Karibuni," Mwarandu akasema, bila kuwatazama usoni. "Masha, kinywaji kiko wapi?"

"Mzee, mimi..."

"Si nilisema! Vijana wa simu!" Akawageukia wazee. "Bora mimi nimejitayarisha."

"Umejitayarisha kweli," akasema kaka yake mkubwa, mzee mwenye nywele nyeupe tupu, akiuvuta mrija kwa raha. "Miaka yote nakunywa kwako, Mwarandu, hujawahi kutoa kitu kama hiki. Kinapasha kifua, kisha kinakubembeleza. Umefanyaje?"

"Ni ufundi tu."

Swabra akasogea, akakunja magoti kwa adabu. "Shikamooni wazee. Mzee Mwarandu, mimi nauza viungo. Ningependa kujifunza. Umetia nini humo?"

Mwarandu akakohoa. "Karafuu. Mdalasini. Na tangawizi."

"Mashaallah. Na uzile je, vijiko vingapi?"

"Uzile?" Mwarandu akacheka sana, akawatazama wazee nao wacheke. "Mwanangu, uzile ni wa pilau! Mwendawazimu gani atie uzile kwenye kinywaji?"

"Mimi," Masha akasema.

Kicheko kikakatika. Kaka mkubwa akautoa mrija kinywani, akainamia kibuyu, akanusa. Akanusa tena. "Lahaula," akasema. "Pilau."

"Aliyeichukua anajua vileo," Swabra akaeleza polepole. "Amevuta kwa mpira kutoka juu, mashapo hayakutikisika. Mwizi wa kawaida hubinua tu. Na kabla ya kuondoka alisimama kizingitini, akaongea kwa lugha ya nyumbani, akawamwagia koma, roho za wazee waliotangulia, tone lao. Ami Rashad hafanyi hivyo. Philister hafanyi hivyo. Na wa nyumbani aliyeshaingia chumba kile ni Mbeyu na babake. Wala Mbeyu hawezi kubeba lita ishirini na sauti ya kiume."

Mwarandu alitazama chini. Alipoinua uso hakuwa mgema mkubwa tena, alikuwa mzee aliyechoka.

"Nilikwenda kuonja tu," akasema. "Wallahi kuonja tu. Nilitaka kujua kama nitaaibika leo. Ufunguo nilimwona Masha akiutoa dirishani siku ile nilipokwenda kukagua. Nikapiga funda moja. Nyie! Miaka arobaini napanda minazi, goti hili limeharibikia huko juu. Halafu kijana wa juzi, na ndoo ya plastiki, ananitolea kitu kile! Nikajiambia, Krismasi wakishaonja hiki, nani tena atauliza tembo la Mwarandu? Bodaboda alikuwa anangoja nje na jerikeni yangu tupu ya tembo. Nikavuta yote." Akamtazama Masha. "Ni tamu, mwanangu. Hilo ndilo lililoniudhi."

Hakuna aliyewahi kumsifu Masha kwa tusi zito namna ile.

Kaka mkubwa akagonga fimbo chini. "Mwarandu, kinywaji hiki ni cha nani?"

"Cha Masha."

"Alikitengeneza kwa nini?"

"Kwa kumposa Mbeyu."

"Nawe umekunywa?"

"Tangu juzi," Mwarandu akakiri.

Wazee wakaguna kwa pamoja. Kwao baba hagusi kinywaji cha mposaji mpaka amwite binti na kumwuliza: nikinywe, nisikinywe? Akishakunywa, amepokea, na hakuna lori la kokoto litakalorudisha funda lililokwisha shuka.

"Binti ulimwuliza?"

"Sikumwuliza."

"Mbeyu!"

"Abee!" Mbeyu akaja mbio, akasimama katikati ya duara, mkononi kipande cha ile sahani iliyovunjika.

"Baba yako amekunywa kinywaji cha kijana huyu bila kukuuliza. Kosa ni lake, uamuzi ni wako. Ukisema hapana, atakilipa chote na Masha aende zake. Basi mimi nakuuliza badala yake. Anywe, asinywe?"

Mbeyu akamtazama Masha, ambaye jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Akamtazama baba yake, ambaye hali yake haikuwa bora sana. Akawaweka wote wawili kwenye moto kidogo, makusudi, mpaka Swabra akataka kumpigia makofi.

"Anywe," akasema.

Mwarandu akauvuta mrija wake karibu, akainama, akanywa mbele ya watu wote, mara hii kwa ruhusa.