Simu ya Haron Isiyo na Tundu

Asubuhi mtaani Satellite, watu wengi wanapotoka kwenda kazini, Wangu huwa anarudi. Yeye ni muuguzi wa zamu ya usiku katika nyumba ya kutunza wazee huko Spring Valley. Akifika hunywa chai, hujifunga kitambaa kichwani, kisha hulala. Mumewe, Haron, hutembea ndani kwa soksi. Hata kijiko hukiweka mezani polepole kama yai.

Haron alikuwa dereva wa lori. Sasa amestaafu. Fahari iliyombakia ni moja: kuimba besi katika kwaya ya kanisa. Kila wimbo mkubwa huwa na mahali ambapo sauti zote hunyamaza na besi moja huingia peke yake. Mahali hapo pamekuwa pa Haron kwa miaka mingi.

Mwalimu wa kwaya, Naliaka, ana utaratibu wake. Hupiga kila sauti kwa kinanda, huirekodi, kisha huituma kwa WhatsApp. Kila mwimbaji hujifunza kwake, halafu hukutana kanisani Jumamosi. Safari hii wimbo ulikuwa mpya, wa sikukuu ya kanisa.

"Asiyeijua sauti yake Jumamosi," alisema Naliaka, "Jumapili ataketi na waumini. Na mzee Haron, ile besi ya peke yako nimemtumia Wachira pia. Dharura haikosi."

"Dharura gani?" aliuliza Haron.

"Ingekuwa na jina, isingeitwa dharura."

Wachira alikuwa kijana mwenye kiatu kinachong'aa. Aliimba tena, ile sauti ya wanaume iliyo juu ya besi, lakini aliweza kushuka hadi kwenye besi. Isitoshe, alikuwa jirani wa mlango wa pili. Kuta za ploti yao, ile safu ya nyumba za kupanga, ni nyembamba. Ukipiga chafya huku, unaambiwa "pole" kutoka kule.

"Huyu kijana anataka nafasi yangu," Haron alimwambia mkewe. "Leo amenisalimia mara mbili."

"Kwani salamu ni kosa?"

"Ya kwanza si kosa. Ya pili ilikuwa ya nini?"

Wangu alicheka, akageukia ukutani, akalala.

Basi ndiyo maana Haron hakuwahi kufungulia wimbo kwa sauti ya wazi. Angemwamsha Wangu, na Wachira angesikia kila kosa lake kupitia ukutani. Alitumia visikizi, zile earphone za waya za kutia masikioni. Kila wimbo uliingia kichwani mwake, ukabaki siri yake.

Kisha simu yake ya zamani ikatumbukia kwenye beseni la nguo, ikafa. Binti yake, Debra, akamletea mpya. Ilikuwa nyembamba na yenye kung'aa. Haron alishukuru kwa zawadi hiyo. Debra alipoondoka, alichukua visikizi vyake akatafuta mahali pa kuchomeka.

Aliangalia juu, chini na ubavuni. Tundu la duara halikuwepo. Lilikuwepo lile bapa la chaja tu.

"Debra ameuziwa feki," alijiambia. "Simu gani haina sikio?"

Alivaa miwani. Chini ya simu aliona kitundu kidogo sana, kama jicho la sisimizi. Moyo ukamruka. "Ahaa! Lipo. Wameliziba."

Akachukua sindano ya kushonea ya Wangu, akaketi mlangoni penye mwanga.

"Baba Debra! Unadunga nini hapo?"

Alikuwa Mabruka, jirani wa upande wa pili wa ploti. Wengi walimwita Mama Laila. Kwao ni Mombasa, na ana kibanda cha vifaa vya simu mjini, barabara ya Luthuli. Alikuwa ndiyo kwanza anafunga mlango aende kazini.

"Nafungua tundu la earphone. Limezibwa."

"Weka sindano chini, tafadhali! Hicho ni kitundu cha maiki. Sauti yako huingilia hapo. Ukikidunga, utampigia Debra simu, na atakusikia kama mtu aliyefunikwa blanketi."

Haron aliirudisha sindano polepole. "Na tundu langu liko wapi?"

"Halipo. Simu nyingi za siku hizi hazina."

"Nani amelitoa?"

"Waliozitengeneza."

"Kwa nini?"

Mabruka aliegemea nguzo. "Wao wanasema ndani ya simu nafasi ni ndogo. Wakiondoa tundu, wanapata nafasi ya vitu vingine. Tena mlango ukipungua, maji na vumbi hukosa pa kupitia."

"Mwizi akikung'olea dirisha, atasema amekuletea hewa."

Mabruka akacheka. "Wako wengi wanaosema kama wewe. Wanasema kampuni zinataka tununue visikizi visivyo na waya, ambavyo zinauza zenyewe. Mimi naona kila upande una ukweli wake. Lakini kwani wimbo wako utangoja wamalize kubishana?"

"Sasa nifanyeje?"

"Kuna njia tatu. Ya kwanza, visikizi visivyo na waya. Ni vizuri, lakini vina betri. Usipovichaji, havisemi. Na ni vidogo, vikianguka utavitafuta kama harage. Ya pili, visikizi vya waya vyenye kichwa bapa, vinaingia pale pa chaja. Ya tatu, ubaki na visikizi vyako vya zamani, upate adapta. Ni kiwaya kifupi. Upande mmoja unaingia kwenye simu, upande wa pili una tundu lako. Pita kibandani, nitakuonyesha."

Haron aliigeuzageuza simu mkononi. Shaka ilimpanda kama maziwa yanayochemka. Huyu mama anauza vifaa. Anayekuambia una kiu ndiye mwenye mtungi wa maji!

"Nitafikiria," alisema.

Kesho yake alishuka mjini. Hakwenda kwa Mabruka. Alikwenda kibanda cha kando, cha kijana aliyeitwa Taib, akajifanya hajui lolote.

"Niaje mzee, nikusaidie?"

"Simu hii haina tundu la earphone. Ni feki?"

Taib aliigeuza. "Hapana, si feki. Ndivyo ilivyotengenezwa. Unahitaji adapta, au visikizi vya kichwa bapa." Kisha akatabasamu. "Wewe ndiye mzee wa Satellite? Mama Laila alisema utaanzia kwangu."

Haron aliona aibu ikimtambaa shingoni. Nyuma yake Mabruka alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Karibu, Baba Debra. Umeulizia kwa wengine, umefanya vizuri. Hivyo ndivyo mnunuzi anavyotakiwa kufanya."

Alimpa adapta nyeupe. "Chomeka mwenyewe. Usinunue kitu ambacho hujakisikia."

Haron alichomeka, akatia visikizi masikioni, akabonyeza. Wimbo ulilia kwa nje, soko zima likasikia. Masikioni hamkuwa na kitu.

"Nilijua!" Haron alipaza sauti. "Nilijua tangu jana!"

"Ngoja," alisema Mabruka. "Sasa jaribu hii." Akampa nyingine, nyeusi.

Kinanda cha Naliaka kikaingia masikioni mwake, safi kabisa. Soko likanyamaza. Haron alifumba macho.

"Zote mbili zinafanana," alisema alipofumbua. "Kwa nini ile imekataa?"

"Simu huhifadhi wimbo kwa namba. Sikio halijui namba, linataka sauti. Kwa hiyo lazima awepo mkalimani. Kuna simu ambazo mkalimani wake hukubali kuisukuma sauti hadi kwenye tundu la chaja. Hizo zinatosheka na ile adapta nyeupe. Yako haifanyi hivyo. Mkalimani lazima akae ndani ya adapta yenyewe, na hii nyeusi inaye. Kwa macho huwezi kujua, ndiyo maana unakuja na simu yako na unajaribu papo hapo."

"Na nikitaka kuchaji huku nasikiliza?"

"Kwa hii, huwezi, tundu ni moja. Chaji kwanza. Ziko zenye matundu mawili, lakini nazo zijaribu kabla ya kulipa. Na siku nyingine Debra akitaka kukununulia simu, mwambie aulize mapema kama ina tundu."

Haron alinunua ile nyeusi. Aliijaribu tena kabla ya kuondoka, na tena alipofika kona. Bado ilikuwa inaimba.

Siku zilizobaki, Wangu alilala bila kusumbuliwa. Haron alitembea kwa soksi, kiwaya kikining'inia kifuani, midomo ikicheza bila sauti. Ila jambo moja lilimtia wasiwasi. Kwa Wachira palikuwa kimya kabisa, mchana na jioni. Hakusikika hata kujikohoza.

"Anajifunza kwa siri," Haron alimnong'oneza mkewe. "Ukimya ule si wa bure."

Jumamosi ilifika. Kanisani, sauti zote zilinyamaza. Haron aliingia na besi yake, nzito na tulivu, bila kosa. Naliaka aliinua kidole gumba. Kisha akamgeukia Wachira. "Na wewe, sauti yako ya tena?"

Wachira aliimba, akapotea katikati. Akaanza upya, akapotea palepale.

"Kesho utaketi na waumini," alisema Naliaka.

Nje ya kanisa, Wachira alimfuata Haron. "Shikamoo mzee. Nilitaka kukuuliza tangu ile siku nilipokusalimia mara mbili, nikaogopa. Simu yangu mpya haina tundu. Nikifungulia wimbo kwa sauti, naona nitamwamsha Mama Debra kupitia ukutani. Wewe hujifunzaje bila kumwamsha?"

Haron alimsogelea. Alitafuta hila usoni mwa kijana, akaikosa. Aliona uchovu tu.

"Hukutaka besi yangu?"

"Besi? Mzee, hata hiyo tena yangu imenishinda!"

Haron alitia mkono mfukoni, akatoa kiwaya cheusi. "Jaribu kwanza hapa hapa, mbele yangu. Kikikubali simu yako, kaa nacho hadi asubuhi. Mimi wimbo ninao kichwani."

Kilikubali. Wachira alipita mbele ya Naliaka asubuhi kabla ya ibada, akaimba bila kupotea, akarudishiwa nafasi yake. Sauti zote ziliponyamaza, besi iliingia. Wangu, aliyetoka zamu moja kwa moja, alikuwa safu ya mbele, macho wazi.

Ibada ilipokwisha, Haron alikuwa tayari mlangoni, mkono umenyooshwa.

"Wachira. Kiwaya changu."