Vidonge Ambavyo Bibi Hakuvinywa

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Eddah alimpelekea Bibi Jumwa kidonge chake cha kupunguza maji mwilini. Moyo wa bibi ulikuwa umechoka, na asipokinywa miguu yake ilivimba. Mama yake Eddah alifanya kazi kiwandani Changamwe na aliondoka nyumbani kwao, mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, alfajiri, basi kazi hiyo alimwachia bintiye wa miaka kumi na miwili. Eddah hakuwahi kusahau.

Likizo ya Agosti dada yake bibi akafariki huko Kaloleni. Bibi na Eddah wakaenda matangani siku saba. Asubuhi ya kwanza tu bibi alikikataa kidonge. Kingempeleka haja ndogo kila mara, na choo kilikuwa kimoja, mbali, chenye foleni ya waombolezaji. Aliona aibu mfiwa kuinuka mkekani kila dakika.

"Mama yako akipiga simu, mwambie nimekunywa," alimwambia Eddah. "Ni siku saba tu, mjukuu wangu."

Haya, mtoto gani angebishana na bibi yake matangani? Kila jioni mama alipiga simu, na kila jioni Eddah alimdanganya. Siku ya tano viatu vilikataa kumwingia bibi. Siku ya saba alilala ameketi, akihema. Eddah aliyaona yote, akaogopa, akanyamaza.

Waliporudi, bibi alikimbizwa hospitalini. Daktari Nicanor alimpima damu, akaeleza kwamba moyo ukielemewa na maji hutoa homoni, ambazo ni kama wajumbe wa kuziambia figo ziyatoe maji hayo.

"Moyo wake umetuma wajumbe wengi mno," alisema. "Kidonge kimeshindwa. Akitoka hapa atatumia chenye nguvu mara mbili."

Mama akasema bibi hakukosa dawa hata siku moja. Hapo Eddah akaangua kilio.

"Hakuinywa, daktari. Siku zote saba. Nilimdanganya mama."

Daktari aliweka kalamu chini. Alisema dawa ile kali ingeweza kumuumiza figo bure. Maji yangetolewa kwa sindano, kisha arudie kidonge kilekile. Mama hakumgombeza Eddah. Alijifunika uso kwa leso akalia, na hilo lilimuuma Eddah kuliko fimbo.

Bibi alipata nafuu, lakini moyo ulizidi kudhoofika. Siku ndugu walipokwenda tena Kaloleni kufunga matanga na kumuaga marehemu kwa mara ya mwisho, kama ilivyo desturi, yeye alibaki kitandani, dada yake akaagwa bila yeye. Alilia sana, kisha akamwita Eddah.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Mimi niliyaficha, nikakubebesha uongo usio wa umri wako. Unisamehe. Mtu mzima akikuambia ufiche ugonjwa wake, mheshimu, lakini sema. Ungesema siku ya kwanza, leo ningekuwa nimeketi na wenzangu."

Eddah akamshika mkono, wakalia pamoja.