Matobolwa Ndani ya Nailoni

Kila alfajiri Kija alimsaidia mama yake, Paskazia, kujitwisha ungo wa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani. Jioni mama alirudi kutoka soko la Mirongo akiwa hoi, na ungo bado umejaa. Maduka siku hizo yalifurika biskuti za nje zenye makaratasi ya kumetameta. Matobolwa ya kufungwa kwenye gazeti, nani ayatazame?

"Hicho chakula cha njaa bwana," alisema jirani yao, Mama Mhoja, akipita zake.

Mama akachoka kuzunguka. Alinunua mifuko ya nailoni, akajifunza kuifunga kwa moto wa mshumaa, na Kija akachora kiazi chekundu kwenye kikaratasi cha kila mfuko. Mama Jinal, mwenye duka la pale mtaani, akakubali kuipanga jirani na biskuti.

Haikupita wiki, Kija akamkuta Mama Mhoja yule yule dukani, kakumbatia mifuko miwili.

"Haya ndiyo matobolwa ya maana," alimwambia Mama Jinal. "Siyo yale ya kwenye ungo."

Kija nusura acheke. Yote yalipikwa chungu kimoja!

Mama Jinal akaomba mengine. Hapo ndipo mvua ilipoanza, na mgongo wa mama nao ukakataa kabisa.

"Usifunge mpaka yavunjike ka!" mama alimwagiza akiwa kitandani.

Kija alianika na kuanua, akaanika na kuanua, hadi akachoka. Akabonyeza kipande, kilikuwa laini bado. "Aa, nani atajua?" alijisemea. "Ndani ya nailoni yanapendeza." Akawasha mshumaa, akafunga yote.

Siku chache baadaye Mama Jinal alikuja mwenyewe na mfuko mkononi. Ndani mlikuwa na matone ya maji na ukungu wa kijani.

"Mama Kija, ona. Mama Mhoja amerudisha huu, mtoto wake ameharisha. Nikiwaondoa dukani mtanilaumu?"

Mama alikaa chini taratibu. Kija akaangua kilio.

"Shikamoo, Mama Jinal. Ni mimi. Niliyafunga hayajakauka."

"Marahaba," Mama Jinal akajibu, akashusha pumzi. "Basi yaliyobaki yatupwe yote. Mkileta mengine, nitavunja kipande kwanza."

Waliyafukia yote shimoni. Kisha Kija akaenda kumwomba radhi Mama Mhoja, na jua liliporudi wakaanza upya.

"Mama, mbona watu wanadanganywa na mfuko?" Kija aliuliza.

"Kila mtu hununua kwa macho, hata mimi," mama alijibu kwa sauti ya uchovu. "Mfuko mzuri si kosa. Lakini yangekuwa wazi, Mama Mhoja angeyabonyeza, angeyanusa, angeyaacha. Ulipoyafunga, mwanangu, hakuwa na la kufanya ila kukuamini wewe."