Kofia Mpya ya Kibo

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kofia ilianza kazi. Maputo mia nne yenye umbo la samaki yalipanda juu ya msitu wa Kilimanjaro, kila moja likivuta wavu mwembamba kuliko utando wa buibui. Ukungu uliokuwa ukipanda kutoka bondeni ulinaswa kwenye nyavu hizo, ukawa matone. Matone yaliingia kwenye mabomba, na mabomba yakayasukuma mpaka kileleni, Kibo, ambako vigandishi vinavyotumia umeme wa jua viliyarusha hewani yakaanguka yakiwa barafu. Kufika saa mbili, watu wa Moshi waliokuwa wakifungua maduka waliweza kuuona weupe ukiongezeka.

Mlima ulikuwa umekaa kichwa wazi kwa miaka arobaini na minane. Joto la dunia lilipanda, barafu ikapungua mwaka hadi mwaka, na mwisho kikabaki kilele cha mawe na vumbi. Watoto waliijua barafu kwa picha. Sasa, mwaka wa 2097, Kibo alikuwa amevaa tena, na watu wazima walisimama barabarani na vikapu vyao, wakatazama, wakafuta machozi.

Aikande Mtui hakutazama. Alipita akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta ufunguo ulioanguka. Aliyebuni Kofia alikuwa Nsia, mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja.

Aikande alikuwa na miaka arobaini na mmoja na alikuwa mpimaji mkuu wa chemchemi za msitu. Kazi yake haikuwa na maputo. Alikuwa na visoma-unyevu elfu mbili, vidude vidogo kama punje ya hindi, alivyovibandika kwenye matawi na mizizi kwa miaka kumi na minane. Hakuna mgeni aliyewahi kuletwa kuviona.

Hilo angelivumilia. Lililomshinda lilikuwa jina. Mama yao alikuwa Mama Aikande tangu alipozaa mara ya kwanza. Ndivyo alivyoitwa sokoni, kanisani na kwenye misiba. Kofia ilipotimiza miezi mitatu, muuza mboga mmoja alimwita Mama Nsia, na kabla ya Pasaka kijiji kizima cha Nganyeni kilikuwa kimebadilisha. Mama mwenyewe aliitika tu, kama kwamba hakuna kilichotokea. Aikande aliposikia kwa mara ya kwanza aliacha chai yake mezani ikapoa.

Tarehe sita Agosti, akiwa peke yake kituoni msituni, Aikande aliunganisha takwimu za miezi kumi na moja. Maji ya chemchemi ya Nganyeni yalikuwa yamepungua kwa theluthi moja. Alirudia hesabu. Akabadilisha visoma-unyevu vilivyochakaa, akarudia tena. Jibu lilikuwa lile lile, na kiasi kilichopotea kilikaribiana sana na kiasi cha ukungu kilichokuwa kikinaswa na Kofia.

Alifurahi. Hakuna namna nzuri ya kulisema hilo. Mito na visima vya watu vilikuwa vinakauka, na yeye alicheka kwa sauti mpaka ndege wakaruka.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi, na ndiyo maana lilimuudhi kwamba hakuna aliyetaka kulisikia. Watu wote wa mlimani waliamini kwamba barafu ndiyo inayolisha mito. Inaonekana hivyo: barafu iko juu, maji yako chini. Lakini barafu ya Kibo haiyeyuki sana. Kule juu hewa ni kavu mno, na jua huigeuza barafu kuwa mvuke moja kwa moja, ukaenda zake na upepo. Kinachojaza chemchemi ni msitu. Mvua inanyesha pale, na kiangazi, mvua inapokoma, ukungu unapita kati ya miti na kushikwa na kuvumwani, yale manyoya ya kijani yanayoning'inia kwenye matawi. Yanadondosha tone kwa tone, usiku na mchana, na udongo unakunywa. Nsia alikuwa amepora chakula cha msitu ili kuuvika mlima kofia.

Miaka miwili nyuma, kabla Kofia haijajengwa, Aikande aliandika barua ya tahadhari. Wakati huo hakuwa na takwimu za kutosha. Barua ilisomwa kwenye kikao cha kuipitisha Kofia, na mjumbe mmoja akasema, "Dada mtu naye angependa kofia." Watu wakacheka. Nsia naye alicheka, kidogo tu, halafu akaziba mdomo.

Kwa hiyo safari hii hakuandika barua. Tarehe ishirini na tano Agosti ilipangwa sherehe mjini Moshi ya kuidhinisha Kofia ya Pili, yenye nyavu mara mbili. Wageni wangetoka nchi kumi na mbili. Aikande alipewa dakika kumi za kusoma taarifa ya msitu, taarifa ambayo kawaida watu waliitumia kwenda msalani. Aliamua kusubiri. Siku kumi na tisa si nyingi, alijiambia.

Tarehe kumi na mbili mama yake alipiga simu.

"Aikande, Karani amenifungia lango."

"Amekufungia vipi?"

"Vipi ni vipi? Amefunga. Anasema naiba maji."

Mfongo wa Nganyeni, mfereji wa kumwagilia, ulichimbwa na mababu kutoka kwenye chemchemi, ukapita kihamba kwa kihamba, yaani kila nyumba na shamba lake la migomba. Kila familia ilikuwa na zamu yake ya kufungulia maji. Zamani zamu zilisimamiwa na watu. Siku hizi zilisimamiwa na Karani, mashine yenye akili iliyofungua na kufunga malango na kupima maji yaliyopita. Karani alikuwa hasinzii na hapendelei ndugu. Lakini alijua tu yale aliyofundishwa, na wanakijiji walimfundisha wanachokiamini: barafu ikiongezeka, maji yanaongezeka. Barafu ilikuwa imeongezeka. Maji yaliyofika kipimo cha kwanza yalikuwa yamepungua. Basi kuna mtu anayachukua kabla hayajafika, na kati ya chemchemi na kipimo hicho palikuwa na nyumba moja tu, ya mama yao.

Kuiba zamu ya maji ni aibu kuliko kuiba kuku. Mwizi hunyang'anywa zamu msimu mzima, na husafisha mfongo peke yake kuanzia chemchemi mpaka kihamba cha mwisho, majirani wakimtazama.

"Mimi na mgongo huu niibe maji," mama alisema. "Nayabebea wapi, kwenye kanga?"

"Watu wanasemaje?"

"Hawasemi. Ndio ubaya wenyewe. Jana nimepita kwa Bwana Kileo, mwenyekiti wetu. Ananisifia binti yangu mwenye Kofia, huku anatazama miguu yangu kama ina matope. Kusafisha mfongo wamenisamehe kwa ajili ya umri. Zamu hawajasamehe. Migomba ya chini imeanza kulala. Wewe si unapima maji? Njoo uwapimie."

Mchoro wa takwimu zake ulikuwa mbele ya Aikande, kwenye kioo cha kompyuta. Kuutuma kwa Bwana Kileo kungemchukua muda wa kupiga chafya. Lakini Bwana Kileo angemwonyesha mkewe, mkewe angempigia Nsia, na Nsia angekuwa na siku kumi na tatu za kutafuta la kusema.

"Nipe siku kumi na tatu, Mama."

"Kumi na tatu za nini?"

"Kuna kitu nakimalizia."

"Na ng'ombe nao niwaambie kumi na tatu?"

Akakata simu.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Mama yao aliketi mstari wa mbele akiwa na gauni la kitenge na kadi shingoni iliyoandikwa "Mama wa Mbunifu". Alikuwa amekonda. Hakuwa amemwambia Nsia lolote kuhusu lango, kwa sababu hakutaka kumharibia siku yake.

Aikande alipanda jukwaani. Hakusoma taarifa. Aliweka mchoro mmoja ukutani, mistari miwili: ukungu ulionaswa ukipanda, maji ya chemchemi yakishuka. Alieleza kwa dakika saba, kwa sauti tulivu aliyoifanyia mazoezi. Hakuna aliyekwenda msalani. Alipomaliza, alimtazama mdogo wake, akangoja uso uanguke.

Nsia aliinuka, akausogelea ukuta, akasoma mistari kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma.

"Umeondoa athari ya mvua?"

"Nimeondoa."

"Na visoma-unyevu vilivyochakaa?"

"Nimevibadilisha vyote."

Nsia alitikisa kichwa taratibu, akikubali. Halafu kidole chake kikashuka mpaka pembe ya chini ya mchoro.

"Dada, hapa pameandikwa sita Agosti."

"Ndiyo."

"Leo ni ishirini na tano."

Nsia alitoa kidude chake cha mawasiliano, akasema na mtambo mkuu wa Kofia mbele ya watu wote: "Shusha nyavu. Zote. Usipandishe tena mpaka nitakaposema mwenyewe."

Kwenye dirisha kubwa la ukumbi maputo yalionekana, madogo kwa umbali, yakianza kushuka kuelekea msituni. Kisha mgeni mmoja akapiga makofi, na mwingine, na ukumbi mzima ukasimama. Walikuwa wanampigia makofi Nsia kwa ujasiri wake wa kuizima kazi ya maisha yake. Aikande alisimama kando ya mchoro wake mwenyewe. Hata hili amelichukua, alifikiri.

Mama hakupiga makofi. Alisubiri watu wakae.

"Aikande. Mimi nilikupigia tarehe ngapi?"

"Kumi na mbili, Mama."

"Ulikuwa nayo hiyo hesabu?"

Mkalimani aliacha kutafsiri.

"Nilikuwa nayo."

Mama alivua kadi shingoni, akaiweka juu ya kiti, akachukua mkoba wake, akatoka.

Jumamosi iliyofuata wenye mfongo walikutana Nganyeni, kwenye uwanja wa shule. Karani alikuwa amefundishwa upya, na Bwana Kileo akasimama kutangaza kwamba mama hakuiba chochote, zamu yake imerudi, na kijiji kinamwomba radhi. Alisema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sauti ilimkwama. Nusu ya migomba yake ilikuwa imeshaanguka, na ng'ombe mmoja alikuwa ameuzwa.

Mama akainua mkono.

"Nimesikia radhi. Asanteni. Sasa nina swali. Sheria ya mfongo inasemaje kuhusu mtu aliyejua maji yanapokwenda, akanyamaza?"

Bwana Kileo alikohoa. "Anahesabiwa sawa na mwizi. Lakini, mama yangu, huyo ni mwanao."

"Nimekuuliza sheria, Kileo. Sijakuuliza ukoo."

Nsia alisimama. "Mama, aliyechukua ni mimi."

"Wewe ulikosea. Umerudisha, kaa chini." Mama hakumgeukia Aikande, lakini maneno yalimwelekea yeye. "Huyu hakukosea hesabu hata moja."

Wakapiga kura ya kumpa Aikande adhabu ya mwizi. Hakuna aliyepinga. Aikande naye aliinua mkono, na mkono wake ulihesabiwa.

Alianza Jumatatu saa moja asubuhi, kwenye mdomo wa chemchemi. Mfongo ulikuwa na urefu wa kilomita mbili na robo. Maji yalikuwa membamba kama kamba ya viatu. Kurudisha ukungu ni kazi ya siku moja, lakini kuvumwani iliyokauka humea polepole, na udongo uliozoea kunywa kidogo kidogo hujaa kwa misimu. Kwa hesabu zake, chemchemi ingehitaji masika tatu, labda nne, kama joto lisingezidi. Takwimu hizi mpya alikuwa amezituma kwa kila mtu siku ile ile alipozipata.

Majirani walisimama nyuma ya nyua zao, kama desturi inavyotaka. Hawakumzomea. Wengine walimsalimia, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Mama alitoka mara moja, akaweka kikombe cha uji juu ya jiwe, akarudi ndani.

Saa nne Nsia alifika akiwa na jembe na viatu vya mpira vipya kabisa.

"Rudi mjini," Aikande alisema bila kuinua kichwa. "Hii ni yangu."

"Dada, hata adhabu hutaki tugawane?"

"Ulipewa? Ulisikia jina lako likitajwa?"

"Sikulisikia."

"Basi."

Nsia alichomeka jembe kwenye matope hatua tatu chini yake, akaanza kuchota. "Niliicheka barua yako," alisema. "Ile siku ya kikao. Nilicheka kwa sababu niliogopa usije ukawa sahihi."

Aikande alinyoosha mgongo. Alitaka kusema kwamba amesamehe, lakini haikuwa kweli bado, na uongo alikuwa amechoka nao.

"Nilifurahi maji yalipopungua," alisema. "Nilicheka peke yangu msituni."

Nsia alisimama kidogo, akamtazama. Kisha akainama tena. Ikasikika sauti ya majembe tu. Nsia alikuwa na nguvu, na rundo la matope pembeni yake lilikua haraka. Nyuma ya ua mmoja mwanamke akasema kwa sauti ya kusikika, "Mtazameni Nsia anavyojua kazi."

Aikande alilisikia. Akatemea mate viganja vyake, akashika mpini vizuri, akaongeza kasi.